Kuunda swichi ya chipu mbili za SID ndani ya Commodore 64

Commodore 64, kompyuta ya nyumbani iliyoanza kuuzwa mwaka 1982, hutoa sauti kupitia chipu moja iitwayo SID, iliyobuniwa na Bob Yannes. Matoleo yake makuu ni mawili: 6581 ya kompyuta za mwanzo, na 8580 iliyofuata baadaye. Kichujio cha 6581, yaani sehemu inayopunguza baadhi ya masafa ya sauti, kina ukwaru, na hutofautiana hata baina ya chipu mbili zenye namba ileile, ilhali kile cha 8580 ni safi na hakibadilikibadiliki. Tena, sauti zilizorekodiwa na kuchezwa kupitia rejista (nafasi ndogo ya kumbukumbu ndani ya chipu) ya ukubwa wa sauti husikika wazi kwenye 6581, lakini kwenye 8580 hufifia sana. Watunzi waliandika muziki wakisikiliza chipu waliyokuwa nayo. Ndiyo maana anayeupenda muziki huo kwa dhati huzitaka zote mbili katika kompyuta moja.

Ugumu wa kazi hii hauko kwenye swichi bali kwenye umeme. Mguu wa 28 wa 6581, yaani pini yake ya 28, unahitaji volti 12, na ule wa 8580 unahitaji volti 9. Ukiichomeka 8580 penye volti 12 utaiua, na chipu hizi hazitengenezwi tena. Maelezo haya yanahusu bodi za zamani zinazotoa volti 12. Pima mguu huo kwanza kwa testa, kwa sababu bodi fupi za mwisho hutoa volti 9 na haziwezi kulisha 6581 kwa njia hii.

Chukua bodi ndogo yenye matundu, soketi mbili za miguu 28, na pini za kuichomeka mahali pa chipu ya awali. Unganisha moja kwa moja kwa soketi zote mbili miguu ya 5, 6, 7, 9 hadi 22, 25 na 26. Volti 12 za mguu wa 28 zipeleke moja kwa moja kwa 6581, kisha zipitishe kwenye kidhibiti cha volti cha 7809, kinachotoa volti 9, chenye kapasita ya mikrofaradi 0.33 upande wa kuingilia na ya 0.1 upande wa kutokea, ndipo zifike kwa 8580.

Miguu ya 1 hadi 4 isiguse kabisa bodi ya kompyuta. Hiyo ni ya kapasita za kichujio, na kila chipu iwe na zake, moja kati ya mguu wa 1 na wa 2, nyingine kati ya wa 3 na wa 4: pikofaradi 470 kwa 6581 na nanofaradi 22 kwa 8580. Wengi hupuuza jambo hili, kisha wakailaumu chipu kwa sauti mbaya.

Iliyobaki ni miguu minne ya kupitia swichi yenye njia 4 za pande mbili: wa 8 unaoichagua chipu, wa 23 na wa 24 inayosoma vidhibiti vya mchezo, na wa 27 unaotoa sauti. Kwenye kila soketi, funga rezista ya kiloomu 4.7 kati ya mguu wa 8 na wa 25, ili chipu isiyochaguliwa ibaki kimya badala ya kugombania njia za data na mwenzake. Waya za swichi ziwe fupi, na ule wa sauti uwe na wavu uliounganishwa na ardhi.

Washa kompyuta soketi zikiwa tupu. Hakikisha mguu wa 28 una volti 12 upande mmoja na volti 9 upande wa pili, na kwamba mguu wa 8 wa upande usiochaguliwa unakaribia volti 5. Zima, chomeka chipu, bandika bati la kupoza joto juu ya 6581 kwa kuwa huchemka sana, kisha andika programu hii:

10 FOR A=54272 TO 54296:POKE A,0:NEXT
20 POKE 54296,31:POKE 54295,241
30 POKE 54273,25:POKE 54278,240:POKE 54276,33
40 FOR C=0 TO 255:POKE 54294,C:NEXT:GOTO 40

Utasikia kichujio kikifunguka polepole, tena na tena. Zima kompyuta, geuza swichi, uiendeshe upya, na tofauti ya chipu hizo mbili itajitokeza yenyewe. Usigeuze swichi wimbo ukiendelea, maana chipu inayoingia itakuwa haijapokea maagizo ya mwanzo na itacheza ovyo.