Somo: Kumchora mtu kwa rangi ya mafuta, hatua kwa hatua

Wiki ya tano sasa turubai hili lipo ukutani kwangu hapa Bagamoyo. Ni shangazi, mkaanga samaki, amekaa kigodani, kanga begani, mwiko wa chuma mkononi. Picha haijaisha, lakini imefika pazuri pa kuieleza.

Kwanza, mwanga. Vitabu vya Ulaya husema dirisha la studio lielekee kaskazini ili jua lisiingie. Sisi tupo kama nyuzi 6 kusini mwa ikweta. Kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana hupita upande wa kaskazini, kwa hiyo dirisha hilo hilo litamletea jua usoni unayemchora, na kivuli cha pua kitahamahama. Miezi ya kusi nafungua dirisha la kusini. Kaskazi ikianza kuvuma nageukia la kaskazini. Ila kusi huja na mchanga, na ukinasa kwenye rangi mbichi unaharibu kazi. Natundika chandarua dirishani. Shangazi alinikalia siku nne, saa mbili hadi saa nne asubuhi.

Pili, turubai lisibaki jeupe. Jeso, rangi nyeupe ya kuandalia turubai, mikono miwili, kisha umba, rangi ya kahawia ya udongo, iliyoyeyushwa kwa tapentaini, unaifuta kwa kitambaa mpaka ibaki rangi ya chai ya maziwa. Chora kwa umba hiyo hiyo, vivuli vikubwa tu. Kope zisubiri. Umba hukauka upesi, ndiyo maana inafaa kuwa chini.

Tatu, ngozi. Hapa ndipo nilipokosea. Nilichanganya nyeusi na kahawia, uso ukafa, ukawa kama mkaa uliozimwa kwa maji. Nikaukwangua wote kwa kisu cha paleti. Ngozi yetu tunaiita nyeusi, lakini itazame vizuri: ndani ina wekundu, na juu inapokea rangi ya kila kilicho karibu nayo. Paji la shangazi linapokea anga ya dirishani, hivyo mng'ao wake ni samawati yenye kijivu. Chini ya kidevu, kanga ya rangi ya chungwa inarudisha joto lake shingoni.

Sasa natumia hivi: vivuli ni siena ya kuchoma, yaani kahawia yenye wekundu, na bluu ya altramarini, giza lake lina uhai. Sehemu za kati ni siena na oka ya njano kidogo. Mng'ao ni altramarini na nyeupe ya titani, nyeupe ichukuliwe kwa ncha ya kisu tu. Ikizidi, ngozi inapauka kama ya mtu aliyetoka kuoga bila kujipaka mafuta.

Nne, mafuta yaongezeke kadiri unavyopanda. Tabaka la chini tapentaini, la juu mafuta ya kitani. Mafuta haya hukauka kwa kunyonya oksijeni ya hewani, na tabaka lenye mafuta mengi hukauka polepole. Likiwa chini, la juu litakaza kabla yake, na picha itapasuka.

Kanga nimeiacha mwisho. Jina lake litaandikwa likifuata mikunjo.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Nipo Tanga. Rangi ya makopo kama ya michoro ya tingatinga haifai?*
Marahaba. Edward Saidi Tingatinga aliitumia mwishoni mwa miaka ya 1960, na iliifaa kazi yake: inakauka haraka, mipaka inabaki wazi. Uso unataka rangi ikae mbichi siku kadhaa, upate kulainisha mpaka wa kivuli na mwanga.

*Kaka, vanishi nipake lini? Mteja ananihimiza.*
Miezi sita hadi mwaka, ikiwa rangi ni nene. Mkabidhi bila vanishi, akurudishie baadaye. Na masika usitegemee ikauke upesi.

*Matambara ya kufutia nayaweka kwenye ndoo, ni sawa?*
Hapana, ndugu yangu! Matambara yenye mafuta ya kitani yakirundikwa hujipasha moto na yanaweza kuwaka yenyewe. Yaloweke majini, au yatandaze moja moja nje yakauke.

*Shangazi ameiona?*
Ameiona. Uso ameukubali, lakini amesema mkono wa mwiko ni wa mtu asiyekaanga. Kweli, kifundo nimekinyoosha mno. Kesho alfajiri nakwenda naye sokoni na daftari, niutazame ukigeuza samaki.