Mandara kwenda na kurudi siku moja: jipange kwa ajili ya matope

Kutoka geti la Marangu hadi vibanda vya Mandara, mlimani Kilimanjaro, ni kilomita 8. Geti liko chini kidogo ya mita 1,900 kutoka usawa wa bahari na Mandara iko mita 2,720, kwa hiyo unapanda kama mita 850. Ukiisoma hivyo utaiona nyepesi. Kinachowatesa watu ni utelezi. Karibu njia yote imo ndani ya msitu, na msitu ndio ukanda unaopata mvua nyingi kuliko sehemu nyingine zote za Kilimanjaro. Hata vumbi likitimka Moshi mjini, huko juu mizizi inaweza kuwa imelowa ukungu. Januari, Februari, na Julai hadi Septemba kuna unafuu. Aprili, masika yakiwa yamekolea, panga tu ukikubali kulowa.

Anza kupanga kwa saa ya kurudi. Giza huingia kama saa moja jioni, na chini ya miti huwahi zaidi. Kupanda huchukua muda wa saa tatu hadi nne, kushuka mbili na nusu hadi tatu, na matope yakiwa mazito kushuka hakuwi haraka kuliko kupanda. Basi ukianza kutembea saa tatu asubuhi, uwe Kisambioni, kama katikati ya njia, saa nne na nusu, na Mandara kati ya saa sita na saa saba. Saa nane mchana geuza, popote ulipo. Ukifika Kisambioni saa sita bado unahema, kula hapo hapo urudi.

Uwe getini saa mbili, maana kujiandikisha na kulipa kunakula muda, na mwongozaji mwenye leseni ni lazima hata kwa safari ya siku moja. Mpate siku chache kabla, muulize njia ilivyo wiki hiyo. Kutoka Moshi, daladala hupita Himo hadi Marangu Mtoni, halafu bodaboda au teksi hadi getini. Mtu wa Arusha anayetegemea basi la alfajiri atachelewa. Heri alale Moshi au Marangu.

Viatu ndivyo vya kuumiza kichwa. Buti za mtumba za soko la Memorial, Moshi, zinafaa sana, ila kagua soli: kunja kiatu, kisha bonyeza upande wa soli kwa ukucha. Ikimeguka kama keki kavu, achana nacho hata kama ngozi inang'aa. Soli ya namna hiyo huzeeka ikiwa imekaa tu stoo, na hubanduka matope yakiivuta. Hata kwa buti nzuri, beba mita mbili za mpira wa tyubu wa kufungia soli. Gambuti huzuia maji vizuri, lakini mguu huchezacheza ndani na wakati wa kushuka kisigino huchubuka. Raba laini usiifikirie. Kata kucha siku mbili kabla, na kabla ya kuanza kushuka kaza kamba kifundoni ili vidole visigonge mbele.

Mandara huwa na baridi kuliko Moshi kwa nyuzi kumi hivi. Jinzi ikilowa inakuwa nzito na haikauki, na fulana ya pamba inakugandisha ukisimama tu. Vaa suruali nyepesi ya kukauka haraka. Ndani ya begi weka koti la mvua, sweta la sufu, soksi za akiba, tochi, na maji lita mbili hadi tatu ndani ya chupa ya kudumu. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, kwa hiyo nguo za akiba ziweke kwenye mfuko wa turubai. Chakula kiwe cha kulika kwa mkono mmoja: mayai ya kuchemsha, chapati, karanga, ndizi mbivu. Chupa ya chai ya tangawizi si anasa.

Kwenye matope piga hatua fupi, nyayo nzima chini. Fimbo itangulie kupima kina. Usikanyage mzizi uliolowa, hasa uliolala kimshazari. Ni afadhali tope la kifundo cha mguu. Usilizunguke dimbwi kwa kupita vichakani: pembeni kuna mashimo yaliyofunikwa na majani, na njia inazidi kupanuka na kumomonyoka. Wagumu, yaani wapagazi, wenye mizigo wapishe, ukisimama upande wa mlima.

Kreta ya Maundi iko kama dakika ishirini kutoka Mandara, na mbingu ikiwa wazi utaona vilele vya Kibo na Mawenzi. Mawingu hupenda kupanda mchana, kwa hiyo nenda Maundi kwanza, chakula baadaye. Kichwa kikianza kugonga na kichefuchefu kikaja, shuka. Usimeze dawa ya maumivu ili uendelee kupanda.

Ukirudi nyumbani osha buti siku hiyo hiyo, zijaze magazeti, zianike kivulini. Ukiziweka karibu na jiko la mkaa gundi inaachia, na utaligundua hilo safari ijayo.