Somo: kuosha madirisha ya vioo ukikaa karibu na bahari, Malindi na Lamu

Asalam aleikum na habari zenu nyote wapendwa. Leo nataka tuongee madirisha manake upepo wa kusi umeingia, na huku kwetu Malindi ukikaa upande wa bahari, iwe Shela iwe Casuarina iwe kule Mayungu, vioo vinakuwa vyeupe hata juma halijaisha. Watu wengi naona wanashika tambara kavu wanaanza kusugua kwa nguvu, kioo kinabaki na ukungu, alafu lawama zote ni za sabuni. Sabuni haina kosa jamani.

Shida yetu ni chumvi. Upepo unabeba manyunyu ya bahari, maji yanakauka chumvi inabaki pale kiooni, na chumvi inavuta unyevu, hewa ikishapita unyevu wa asilimia 75 hivi inaanza kuyeyuka yenyewe bila kumwagiwa kitu. Ndio mana alfajiri ukipitisha kidole kwenye kioo kinanata, na saa sita mchana hicho hicho kimekauka kina unga mweupe. Tena chumvi haiji peke yake, inakuja na mchanga mwembamba ule ambao mto Sabaki unautoa bara unautupa ufuoni kwetu, upepo ukivuma unaingia hadi jikoni. Sasa ukisugua kikavu ni mchanga unaousugulia kioo, na ile mikwaruzo ikishaingia haitoki maisha. Kwa hiyo shikeni hili kabla ya yote: maji kwanza, tambara baadaye.

Vitu vya kuandaa: ndoo 2, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, spanji laini, mswaki mkuukuu, fulana za pamba zilizochakaa (zisiwe mpya, mpya zinatoa manyoya), siki nyeupe, na kile kimpira cha kukokotea maji kama cha vijana wanaoosha vioo vya magari kwenye vituo vya petroli. Kimpira si lazima lakini ukikipata kazi inakwisha nusu ya muda.

Na maji, hapa nasisitiza sana. Visima vyetu vingi ni vya chumvi chumvi, ukimalizia kuosha na maji ya kisima ndio umerudisha madoa yale yale uliyoyatoa. Kisima tumia kwenye kumwagia mwanzo na kwenye grili ukipenda, ila ya mwisho yawe maji matamu ya mfereji au ya mvua. Mvua za masika weka pipa chini ya paa, acha ile ya kwanza ioshe paa, kinga inayofuata, hayo maji kwa vioo hayana mfano.

1. Chagua saa. Asubuhi osha upande ambao jua halijafika, alasiri hamia ule mwingine. Kioo kikiwa cha moto sabuni inakauka kabla hujaifuta na hapo ndio inatoka ile mistari mistari.

2. Mwagia maji (wenye slaidi anzeni na reli, namba 3) kutoka juu kwenda chini, kioo, fremu na grili, bila kugusa na kitu. Yaache yateremke na mchanga wake. Kama una mpira wa maji vizuri, kama huna kopo na ndoo yatosha. Ila funga dirisha vizuri na toa pazia.

3. Kabla ya kumwagia kioo maji anza na reli ya chini, kwa wale wenye madirisha ya slaidi ya alumini. Hii wengi wanaruka na ndio inayoleta fundi nyumbani. Chukua mswaki mkavu, toa mchanga na mbu waliokufa na nywele zote, zoa au vuta na mashini kama unayo, alafu ndio utie maji. Ukitia maji kabla unatengeneza tope linaloingia kwenye vigurudumu. Tazama vizuri kwenye reli upande wa nje utaona vitundu vidogo vya kutolea maji, vizibue na njiti, manake vikiziba mvua ikipiga maji yanajaa relini na kumwagika ndani ya nyumba, utadhani ukuta unavuja. Na tafadhali msitie mafuta ya kupikia wala ya mashini ili dirisha liteleze, mchanga unagandia kwenye mafuta na baada ya muda dirisha halisogei kabisa. Pakeni mshumaa mkavu, inatosha.

4. Sabuni kijiko 1 cha chai kwenye maji lita 5, isizidi. Povu jingi si usafi, ni kazi ya kusuuza. Spanji laini, anzia juu, pembe zisugue na mswaki.

5. Suuza na maji matamu, kokota na kimpira kutoka juu, kila mkokoto ukiisha futa ule mpira na tambara ndio uendelee. Kingo malizia na fulana kavu.

6. Ndani hakuna chumvi nyingi, ni vumbi, moshi wa jikoni na alama za vidole za watoto, kwa hiyo tambara la maji ya sabuni, jingine la maji matupu, la tatu kavu, basi.

Madirisha yanayotazama bahari, msimu huu wa kusi mimi nayamwagia maji matupu kila wiki na kuosha kamili mara moja kwa mwezi. Upande wa nyuma yanangoja tu.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Muyeye): Shangazi, vioo vyangu vina madoa meupe ya duara, mpangaji aliyetoka alikuwa akimwagilia maua na maji ya kisima yanarukia kiooni. Sabuni haitoi.
Jibu: Hiyo ni chokaa ya maji, mwanangu, sabuni haiiwezi. Changanya siki na maji nusu kwa nusu, lowesha kitambaa, kibandike kwenye doa dakika 10 hadi 15, sugua polepole, suuza. Rudia kama bado. Lakini angalia, siki inakula chokaa popote ilipo, kwa hiyo isimwagike kwenye ukuta wa chokaa, mawe ya matumbawe wala kizingiti cha marumaru, weka tambara chini. Na yakiwa ya miaka mingi kioo chenyewe huwa kimeshalika, hapo hayatoki yote.

Swali (Barani): Mimi nina luva za kizamani, vile vioo vya vipande vipande, kila nikifuta najikata.
Jibu: Pole sana dadangu. Vaa glavu za mpira zile nene. Zilaze kama meza zikiwa wazi, futa kipande kimoja kimoja kuanzia cha juu, na mkono uende kwa urefu wa kioo, usiukatishe ukingo. Usivichomoe kama vile vishikio vya pembeni vimeshika kutu, vinakatika na kupata vipya ni kazi.

Swali: Naweza kutia siki na Jik (ile dawa ya kutoa madoa ya nguo) pamoja iwe na nguvu zaidi?
Jibu: Hapana, hapana kabisa! Hivyo viwili vikikutana vinatoa gesi ya klorini, inachoma macho na mapafu. Tena Jik inaharibu alumini. Kwenye dirisha haina kazi.

Swali (Lamu, Mkomani): Sisi madirisha ni ya mbao, vioo vimeongezwa juu tu. Maji mengi si yataozesha?
Jibu: Kweli kabisa kaka, wewe usimwagie. Tambara lililokamuliwa, maji matamu, ubadilishe mara kwa mara, na ukimaliza tu kausha mbao na bawaba hapo hapo. Vioo vya juu nyunyizia na chupa ya kupulizia, maji ya mvua yanatosha.

Swali: Gazeti je? Mamangu alikuwa akitumia.
Jibu: Linafaa kukaushia, lakini kwa kioo kilichokwisha oshwa tu. Fremu ikiwa nyeupe wino unaweza kuacha weusi, afadhali fulana.

Swali: Vioo vyangu vina tinti ya kubandika kwa ndani.
Jibu: Sabuni na maji tu, tambara laini. Wembe usikaribie, na dawa za kioo zenye amonia pia acha, zinaharibu ile karatasi.

Swali (Ngala): Nakaa ghorofa ya pili, nje sifikii.
Jibu: Usitoke nje ya kizingiti mwanangu, hata kama mtu amekushika. Nunua kile kimpira chenye mpini mrefu, sogeza slaidi upande mmoja ufikie jirani yake, alafu ubadilishe upande. Kipande kile kisichofunguka mwambie mwenye nyumba alete mtu mwenye ngazi.