Jinsi ya kuzuia risasi kutoka bila kukusudia, kwa askari anayeshika silaha kila siku

Askari wengi wanaojipiga risasi wenyewe au kumpiga mwenzao hawakuwa kwenye mapambano na majambazi, walikuwa wanakabidhiana zamu, wanasafisha silaha, wanavua mkanda chooni au wanaonyeshana bastola mpya. Mwaka 2004 huko Orlando, Marekani, afisa wa DEA, wale wa kupambana na dawa za kulevya, alikuwa anawafundisha watoto usalama wa silaha, akawaonyesha bastola yake na ikafyatuka ikampiga mguuni mbele yao. Video ilizunguka sana na watu walicheka, ila mimi naona tatizo ni lile lile la kila kituo: ukishashika silaha miaka kumi mikono inafanya kazi yenyewe na akili iko kwingine.

Kwa hiyo tuanze na kutoa risasi ndani ya silaha. Mpangilio ni magazini (kile kibebeo cha risasi) kwanza, kukoki baadae, yaani kuvuta nyuma slaidi, kile kipande cha juu cha bastola kinachoteleza. Narudia, magazini kwanza, maana hapa ndo watu wanaumia. Ukikoki magazini ikiwa bado ndani, risasi iliyokuwa chemba (pale nyuma ya mtutu inapokaa risasi ya kufyatuliwa) inaruka nje, unaiona kabisa inadondoka sakafuni, roho inatulia, kumbe slaidi iliporudi mbele imebeba nyingine kutoka kwenye magazini na kuisukuma ndani. Sasa ukichomoa magazini bado kuna moja chemba, unabonyeza triga "kuhakikisha", na hapo ndo mlio unasikika.

Fanya hivi: simama mahali pa kutolea risasi, yaani kwenye pipa la mchanga kama lipo, mtutu ndani ya pipa, kidole nje. Chomoa magazini uiweke mfukoni au mezani, usiendelee kuishika. Vuta slaidi nyuma mara kadhaa, ifunge ikiwa wazi, angalia chemba kwa macho alafu ingiza ncha ya kidole kidogo uguse, hasa usiku maana macho yaliyochoka na zamu huona yanachotaka kuona. Angalia pia pale magazini inapokaa. Ukiongeleshwa katikati ya hii kazi, usiendelee ulipoishia, anza upya.

Wenye bunduki ya AK mna mtego wenu. Ile sefti, yaani kizuizi cha usalama, ya upande wa kulia ikiwa juu inazuia kukoki hadi mwisho, maana yake ili uikague vizuri lazima uishushe. Na ukiishusha hatua moja tu hauko kwenye risasi moja moja, uko kwenye mfululizo, moja moja iko chini kabisa. Kwa hiyo dakika ile unaitoa risasi ndo dakika silaha iko tayari kumwaga, na mwenzako kakaa benchi mbele yako anafunga buti. Mtutu kwanza uelekee salama, magazini itoke, ndo ushushe sefti.

Wenye bastola ya Glock na baadhi ya nyingine za aina hiyo, huwezi kuifungua kusafisha bila kubonyeza triga kwanza, ndivyo ilivyotengenezwa, kwa hiyo ukiruka kukagua chemba utajua kwa mlio. Risasi zote zitoke kwenye chumba cha kusafishia, zisikae hata mezani pembeni.

Kidole sasa. Kila mtu anasema "kidole changu hakikuwa kwenye triga" na wengi hawadanganyi, wanaamini hivyo kweli, lakini kwenye majaribio ambapo bastola ziliwekewa vihisio, askari waligusa triga bila wao kujua. Roger Enoka, mtaalamu wa misuli, alieleza mambo matatu yanayofanya mkono ukaze wenyewe: mkono mwingine ukikaza kwa nguvu, ukishtuka, na ukipoteza mizani. Hebu fikiria kumkamata mtu, mkono wa kushoto umemshika kola anavuta, wa kulia una bastola, unateleza kwenye matope, yote matatu kwa mpigo. Ukiamua kumshika mtu kwa mkono, silaha irudi kwenye holsta (mfuko wa bastola wa kiunoni) kwanza au mwenzako ashike mtu wewe ushike ulinzi. Na kidole kisikae kwenye ukingo wa kile kikinga cha triga, hapo kinateleza kuingia kirahisi, kipandishe juu kabisa kwenye fremu, yaani mwili wa bastola, kimenyooka.

Kurudisha bastola kwenye holsta hakuna haraka, sijui kwanini watu wanafanya kama sinema. Angalia holsta kwa macho, toa kamba ya jaketi, shati na ule mkanda wa kufungia, maana kitambaa kikiingia kwenye triga kinabonyeza kama kidole tu. Chooni usiitoe uiweke juu ya tangi au kuininginiza, iache kwenye holsta, shusha mkanda wote pamoja nayo. Ikidondoka iache idondoke. Kuidaka ni hatari kuliko kuiacha, vidole vinatafuta pa kushika na vinaipata triga.

Kukabidhiana: usipokee neno "haina kitu". Anayetoa aifungue, aonyeshe chemba, apokee mwingine naye akague mwenyewe, hata kama anayempa ni afande wake. Afande anayekasirika kwa kukaguliwa ana shida yake.

Nyumbani kama unaruhusiwa kwenda nayo, ifungie kwa ufunguo, risasi mbali na silaha. Juu ya kabati sio kufungia, watoto wanapanda.

Na ikishatoka? Kidole nje, mtutu ubaki kwenye mwelekeo salama, usiitupe chini. Iondoe risasi kwa mpangilio ule ule maana silaha nyingi hapo tayari zimeshajikoki tena na nyingine iko chemba. Uliza kwa sauti nani kaumia, na wewe jipapase, kuna watu wamejipiga wasijue mpaka waone damu. Angalia chumba cha pili pia, risasi inapita ukutani. Mwenye jeraha linalovuja sana mkandamize kwa nguvu, au mfunge tonikwa (mkanda wa kukaza kuzuia damu) kama ni mkono au mguu, huku mwingine anaita msaada. Baada ya hapo mpigie mkuu wa zamu mara moja, usiokote ganda wala kusogeza kitu, na andika maelezo mapema ukiwa bado unakumbuka magazini ilikuwa ndani au nje wakati unakoki.