Soksi inayomfungua mtoto mdomo

Nafundisha darasa la awali nje kidogo ya mji wa Shinyanga. Wengi huja na Kisukuma tu kutoka nyumbani. Msimamishe mtoto wa miaka 5 mbele ya wenzake umwambie "haya, jieleze": atatazama vidole vyake vya miguu mpaka kengele ilie. Kwa hiyo mimi navaa soksi mkononi, kikaragosi kinachoongea nao Kiswahili.

Tafuta soksi ndefu ya shule iliyopoteza mwenzake, uifue. Kata boksi gumu umbo la yai, likunje katikati, lipenyeze hadi kwenye vidole vya soksi na ulishone: ndio mdomo. Masikio ni vipande vya kitenge, macho ni vifungo vya shati vilivyokazwa kwa uzi mwingi, maana vitavutwa. Kama una watoto wa chini ya miaka 3, chora macho kwa kalamu, wasije wakameza kifungo. Meno usiweke. Kikaragosi changu cha kwanza kilikuwa fisi mwenye meno ya karatasi. Mtoto mmoja alikimbilia nje, na siku mbili akagoma kuingia darasani. Wa sasa ni sungura, anaitwa Njugu.

Shusha kidole gumba kwa kila silabi, mdomo ufunguke neno linapotoka. Njugu amtazame mtoto, nawe umtazame Njugu. Sauti usihangaike nayo. Midomo yako wanaiona ikicheza na wala hawajali.

Njugu asiwe mjuaji, la sivyo darasa lina walimu wawili. Wangu msahaulifu. Anainua kijiko: "Kisu hiki!" Wote: "Kijikooo!" "Cha kuchimbia?" Hapo neno moja linazaa sentensi, kila mtu anataka kumweleza uji unavyonywewa. Ila nampa makosa ya vitu, si ya lugha. Hasemi kamwe "kijiko yangu", kwa sababu hilo wanalo tayari. Mtoto akilisema, Njugu anafurahi tu, "Ahaa, kijiko chako!", na mazungumzo yanaendelea.

Akishauliza, nyamaza. Hesabu moyoni hadi kumi. Mimi nilikuwa naharibu hapo kila siku, namjibia mtoto kabla hajavuta pumzi.

Darasa likiwa kubwa, chukua kumi kumi mkekani, dakika 10 zinatosha, wengine wachore mchangani.

Kwa mwenye haya, Njugu naye huwa na haya: anajificha kwapani mwangu, namwomba mtoto ambembeleze atoke. Nilikuwa na binti aliyemaliza muhula mzima bila neno. Siku moja Njugu amejificha, aliinama akamnong'oneza, "Mwangaluka." Njugu akachomoza sikio moja, akaitika "Mwangaluka", kisha polepole, "Habari za asubuhi." Usimkataze mtoto lugha ya mama yake, ndiyo mlango anaotokea.

Wiki iliyofuata nikamwachia amvae mwenyewe. Njugu akamgeukia jirani, kwa sauti yangu mimi kabisa: "Wewe! Kaa vizuri mkekani!"