Jinsi ya kusoma sayansi ya kompyuta chuoni na kutoka na uzoefu wa kazi mkononi

Wanafunzi wengi wa kompyuta wanasubiri mwaka wa tatu ndo waanze kuulizia nafasi za intanshipu, afu wakifika kwenye intavyuu wanaulizwa umewahi kutengeneza nini, wanabaki kutaja majina ya masomo. Mimi naamini uzoefu unaanza siku mtu mwingine, asiye wewe wala mwalimu wako, anapotumia programu uliyoandika, hata kama ni mmoja tu na hakulipi. Kwa hiyo mtafute huyo mtu mapema, ukimpata mengine mengi yanafuata yenyewe.

Mwaka wa kwanza usihangaike na lugha ipi ya programu ni bora. Chuo wakianza na Python shika Python, wakianza na C au Java shika hiyo hiyo mpaka uweze kuandika kitu kuanzia faili tupu bila kunakili popote, lugha ya pili haitakusumbua sana baada ya hapo. Kinachowakwamisha watu wakifika kazini mara nyingi ni vitendea kazi ambavyo darasani vinapitwa haraka haraka au havifundishwi kabisa: kutumia terminali (dirisha la kuandikia kompyuta amri), kutumia Git (programu inayotunza historia ya mabadiliko ya faili zako), kusoma ujumbe wa erori mpaka mwisho, kutumia dibaga, programu ya kufuatilia kodi hatua kwa hatua, ili ujue programu imekwamia wapi badala ya kubahatisha. MIT, chuo maarufu cha teknolojia Marekani, wenyewe waliliona hilo pengo, wana kozi fupi ya bure mtandaoni inaitwa Missing Semester, inafundisha vitu vya aina hiyo, imalize likizo ya kwanza. Kuanzia hapo kila asaimenti hata ya mistari 20 iweke kwenye Git, na kila ukikomiti, yaani ukihifadhi mabadiliko kwenye Git, andika umebadilisha nini na kwa nini, usiandike "nimerekebisha" ukaishia hapo, maana baada ya miezi kadhaa utarudi kwenye hiyo kodi (maandishi ya programu) na hutakumbuka ulikuwa unawaza nini.

Sasa huyo mtumiaji anapatikana wapi? Angalia watu walio karibu yako, nani bado anaandika kwenye daftari au ana faili la Excel limevurugika mpaka analiogopa. Inaweza kuwa kikundi cha wanafunzi kinachokusanya michango, maktaba ndogo, timu ya mpira, ndugu mwenye biashara. Usianze kwa kumwambia unataka kumtengenezea mfumo, kaa nae kwanza umuangalie anavyofanya kazi, muulize ni wapi anapoteza muda na ni kosa gani linajirudia, afu chagua kitu kimoja tu kati ya hivyo. Jipe wiki 2 au 3 umpe toleo la kwanza hata kama halivutii, akae nalo alitumie wewe usiwepo.

Hapo ndo mambo yanaanza na nakuomba usikimbie. Namba za simu zinazoanza na sifuri uliziweka kwenye databesi kama namba za hesabu, sifuri zote zimepotea, kumbe zilitakiwa zihifadhiwe kama maandishi. Mtu ana jina moja tu na fomu yako inalazimisha mawili. Mwingine intaneti ilikuwa nzito akabonyeza kitufe cha kuhifadhi mara mbili, mchango wake umeingia mara mbili, na mweka hazina anakupigia simu usiku. Watu wawili wamefungua rekodi moja kwa wakati mmoja, aliyehifadhi wa mwisho amefuta kazi ya mwenzake na hakuna aliyejua. Hela uliiweka kama floti, yaani namba yenye nukta ambayo kompyuta inaikadiria, na ukijumlisha 0.1 na 0.2 kompyuta inakupa 0.30000000000000004, sasa jumla ya mwezi haiendani na daftari, ilibidi uhesabu kwa namba kamili za kipimo kidogo kabisa cha hiyo hela au utumie aina ya desimali. Nywila za watu je, umeziheshi, yaani umezigeuza ziwe herufi zisizoweza kurudishwa, au umeziacha zinasomeka? Na bakapu unayo, sawa, lakini umewahi kujaribu kuirudisha ukaona kama inafanya kazi kweli? Hakuna mtihani wa chuo utakaokuuliza hayo yote kwa mpigo, ila kazini ndo maisha ya kila siku, na mtu aliyeyapitia hata kwenye programu ya watu 15 anaongea tofauti kabisa kwenye intavyuu.

Halafu utashangaa, masomo uliyokuwa unayaona ya kinadharia yanaanza kukuita. Una rekodi 1,000,000 unatafuta zinazojirudia, ukilinganisha kila moja na kila moja unakaribia ulinganishaji trilioni 1, ukizipanga kwanza kwa njia nzuri unahitaji kama milioni 20 hivi ndo umemaliza, na hiyo tofauti haiondolewi na kompyuta mpya. Ukurasa unaofunguka taratibu mara nyingi tatizo ni databesi haina indeksi (orodha ya kutafutia haraka) kwenye safu unayotafutia, na indeksi nyingi ndani yake ni mti wa B ule ule mliochora ubaoni. Lile la kufutiana kazi jibu lake liko kwenye somo la databesi, mada ya transaksheni (mabadiliko yanayoingia yote kwa pamoja au yasiingie kabisa), na lile la kubonyeza mara mbili liko humo humo, mada ya kuizuia databesi isipokee kitu kile kile mara mbili. Kwa hiyo nawasihi wale wanaosema nadharia haina maana wanataka kuandika kodi tu, msiyatoroke masomo ya algoriti, mifumo endeshi, mitandao na databesi, hayo ndo yatakayokubeba wakati freemuweki (kodi tayari unayojengea programu juu yake) unayoipenda leo imeshasahaulika.

Kama huna mtu wa karibu wa kumtengenezea, au umeshatengeneza na unataka kufanya kazi na watu waliokuzidi, ingia kwenye programu huria, zile ambazo kodi yake iko wazi na yeyote anaweza kuchangia. Linus Torvalds alianza Linux, mfumo endeshi huria, mwaka 1991 akiwa mwanafunzi chuo kikuu cha Helsinki, na Git aliiandika mwaka 2005 kwa ajili ya kazi hiyo hiyo ya Linux, hivyo wanafunzi kuwemo humu sio jambo geni. Usianze na mradi mkubwa kwa sababu ni maarufu, anza na programu unayoitumia wewe. Soma maelekezo yao ya wachangiaji, iendeshe kwenye laptop yako, ukikwama sehemu ambayo maelekezo hayakueleweka basi umeshapata mchango wako wa kwanza, rekebisha hayo maelekezo. Kazi nyingine nzuri ni kuchukua hitilafu iliyoripotiwa na kuandika hatua za kuirudia, wasimamizi wanashukuru sana hilo. Ukishazoeleka angalia mipango ya kuchangia programu huria kama Google Summer of Code, ipo tangu 2005, au Outreachy, zote zinakupa mshauri na posho na kazi inafanyika ukiwa kwako. Wanaochaguliwa mara nyingi ni waliofika mapema wakaanza kuchangia, sio waliotuma maombi siku ya mwisho.

Maombi ya intanshipu yenyewe, anza mapema kuliko unavyodhani, kampuni kubwa nyingi zinafungua nafasi za likizo ndefu miezi mingi kabla. CV ukurasa mmoja unatosha. Badala ya kuandika "najua Python, SQL, Java" andika kilichofanyika, mfano "mfumo wa michango, unatumika na watu 15, bakapu kila usiku", na weka linki. Kwenye intavyuu wakikupa swali ongea unavyofikiri, uliza mipaka ya tatizo kwanza, anza na suluhisho rahisi hata kama ni taratibu, useme ni taratibu kwa nini, afu ndo uboreshe. Usidharau ofisi ndogo pia, kwenye timu ya watu 4 unaweza kugusa kila kitu.

Ukishaingia, wiki ya kwanza soma kodi zao na ujitahidi tu mfumo uwake kwenye mashine yako. Ukiuliza swali sema ulitaka nini, ulifanya nini, ikatokea nini, umejaribu nini tayari, mtu mwenye kazi nyingi atakujibu haraka zaidi kuliko ukiandika "haifanyi kazi". Tuma mabadiliko madogo madogo, na wakikurudishia na maoni 30 soma moja moja, hiyo ni elimu ambayo huko nje watu wanailipia. Funguo na nywila zisiingie kwenye Git hata mara moja, maana hata ukifuta zinabaki kwenye historia, ikitokea toa taarifa hapo hapo zibadilishwe. Ukiona umewekwa kuchapisha makaratasi tu, mfuate msimamizi kwa heshima umuombe kazi moja ndogo ambayo hakuna anayeitaka, labda kuandika testi za kukagua kodi au kurekebisha ripoti inayochelewa, mara nyingi atakupa. Zile programu za akili bandia tumia kama ofisi inaruhusu, ila usitume mstari ambao huwezi kuueleza ukiulizwa.

Kila Ijumaa andika ulichofanya wiki hiyo, ripoti ya chuo itajiandika yenyewe. Kodi za kampuni usizipeleke kwenye GitHub yako (tovuti ya kuhifadhi na kuonyesha kodi), muulize msimamizi nini unaweza kukieleza hadharani. Na kabla hujaondoka chagua tatizo moja uliloliona pale ambalo hawana muda nalo, muombe akuruhusu liwe projekti yako ya mwaka wa mwisho na yeye awe mtumiaji wako, na hiyo ruhusa uipate kwa maandishi kabla hujaandika mstari wa kwanza, kwa sababu humo ndani kuna taarifa za watu.