SOMO: Namna ya kupima dai kabla hujaliamini (sufuria mbili, siku moja)

Naandika somo hili mara moja ili lisomwe na kila mwenye swali. Kila wiki napata ujumbe uleule: "Mama, ni kweli magadi yanaivisha maharage upesi?" "Ni kweli ukitia kijiko cha chuma sufuriani nyama inalainika?" Najibu, pima mwenyewe. Anauliza, nipimeje? Nimechoka kueleza nusunusu kwenye simu, basi nitaeleza yote hapa.

Napika chakula cha kuuza hapa Bombo, Uganda, posho (ugali) na maharage kila siku ya Mungu, na makaa ndiyo yanayokula faida yangu. Sikusomea sayansi chuoni, ila njia hii ndiyo inayotumiwa na waliosomea, na jikoni inafaa vilevile. Mfano wangu ni dai hili: kuloweka maharage usiku kucha kunapunguza makaa.

Hatua ya 1. Liseme dai kwa namna inayoweza kushindwa. "Kuloweka ni kuzuri" halipimiki. "Yaliyolowekwa yataiva mapema kuliko yasiyolowekwa" linapimika.

Hatua ya 2. Kabla ya kuwasha jiko, andika kwenye karatasi unachotarajia. Karatasi, si kichwani. Kichwa hubadilisha maneno yake jioni.

Hatua ya 3. Badilisha kitu KIMOJA tu, na sufuria zote mbili zipikwe wakati mmoja. Hapa nitakaa, kwa sababu hapa niliharibu.

Mwezi wa kwanza mwaka juzi nilinunua sigiri mpya, yaani jiko la makaa, ile iliyokandikwa udongo ndani. Wiki hiyohiyo kanyebwa (aina ya maharage) ya mavuno mapya ilikuwa imeingia sokoni, na binti yangu alikuwa ameniletea mfuniko unaoifunika vizuri sufuria yangu kubwa. Maharage yaliyozoea kunichukua saa tatu yakaiva kwa saa moja na nusu. Jumapili nikasimama kwenye kikundi chetu cha akiba nikasema mbele ya wanawake wenzangu: sigiri hii inakata makaa nusu kwa nusu. Wanne wakachukua mkopo wa kikundi wakanunua.

Kufika mwezi wa tano, sokoni yamebaki maharage ya ghalani. Sigiri ni ileile, mpishi ni yuleyule, na saa tatu zimerudi. Mmoja wa wale wanne alikuja kwangu na daftari lake la makaa, akalifungua mezani mbele yangu, akakaa kimya. Ukurasa wa mwezi wa pili na ukurasa wa mwezi wa tano. Sikuwa na la kumjibu, na deni bado alikuwa analilipa.

Sikudanganya. Nilichofanya ni kubadilisha vitu vitatu kwa mpigo, kisha sifa yote nikaipa kile nilichokilipia pesa. Maharage yakikaa sana ghalani kwenye joto na unyevu hukomaa ndani kwa ndani, yakawa magumu kuiva hata uchochee vipi. Mapya huiva upesi kwenye jiko lolote. Baadaye nilishindanisha sigiri mbili kwa maharage ya gunia moja na mifuniko inayofanana: ile mpya ilibakiza kama konzi mbili za makaa kwa sufuria. Ni faida, lakini si nusu. Nilirudi kwenye kikundi nikalisema hilo nikiwa nimesimama palepale.

Kwa hiyo sikilizeni:

Maharage yatoke gunia moja, na uyachanganye kwa mikono kabla ya kuyagawa. Usichote sufuria ya kwanza juu na ya pili chini.

Pima uzito yakiwa MAKAVU, kabla ya kuloweka. Yaliyolowekwa yamekunywa maji. Ukipima baadaye utakuwa na punje chache upande mmoja, nazo zitaiva mapema kwa sababu hiyo tu.

Sufuria za ukubwa mmoja, mifuniko ileile, makaa yaliyopimwa kwa mzani, maji yaliyopimwa. Yaliyolowekwa yaongezee maji kidogo kidogo mpaka usawa ulingane.

Usilinganishe jana na leo. Jana kulikuwa na upepo, leo makaa yamenyeshewa. Na usilinganishe na "ninavyokumbuka".

Kama una sigiri mbili zisizofanana, rusha shilingi kuamua ipi ibebe sufuria ipi. Usichague wewe, mkono wako una upande wake.

Hatua ya 4. Amua mapema "kuiva" ni nini. Mimi kila dakika kumi natoa punje kumi kutoka kila sufuria, nazibonyeza kwa kidole gumba. Zikipondeka tisa, yameiva, naandika saa. Tena sibonyezi mimi. Anabonyeza mtoto wa jirani, nampelekea visahani viwili barazani na hajui kipi kimetoka wapi. Nilipokuwa nabonyeza mwenyewe, yale niliyoyapenda yalikuwa yanapondeka kwa kidole chepesi. Niliona hivyo kwa vidole vyangu.

Angalizo: punje za kubonyeza zisiliwe mbichi, hasa maharage mekundu. Yana sumu inayotapisha na kuendesha tumbo, na haiondoki mpaka yachemke kwelikweli, si chini ya dakika kumi.

Hatua ya 5. Kesho badilishana majiko, rudia. Keshokutwa tena. Mara moja ni bahati.

Hatua ya 6. Andika matokeo hata kama dai lako limeanguka. Hasa likianguka.

Ulizeni.

---

Kijana wa Kasese: Kwa hiyo magadi yanafanya kazi au hayafanyi?

Mpishi wa Bombo: Soma hatua ya 3, penye neno kuloweka soma magadi.

Kijana wa Kasese: Mama, mimi niko kazini, niambie tu ndiyo au hapana.

Mpishi wa Bombo: Kwangu ndiyo, yanalainisha ganda upesi. Ila wanawake wanne walichukua neno langu hivyohivyo wakaingia deni. Kijiko kimoja cha chai cha magadi, sufuria mbili, Jumamosi moja. Ukishapima njoo, nitakujibu hata usiku.

Mama Kisenyi: Na yanaua vitamini B1, hilo watu hawalisemi. Mimi kwa watoto situmii, naloweka tu.

Mpishi wa Bombo: Kweli kabisa dada. Kuna kipimo cha makaa na kuna kipimo cha afya, kimoja hakijibu cha pili.

Mwalimu wa Kabale: Shikamoo mama. Dada yangu yuko Kampala, tunagawana gunia moja la nambale kutoka shambani kwetu. Kwake yanaiva, kwangu yanachukua karibu saa nzima zaidi. Maharage ni yaleyale. Nimekosea wapi?

Mpishi wa Bombo: Marahaba mwalimu. Hukukosea. Kabale iko juu, kama mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na Kampala ni kama 1,200. Unavyopanda, hewa inapungua uzito, na maji yanachemka kabla ya kufika nyuzi 100. Kampala yanachemkia kama 96, kwako kama 93. Hata ukiongeza makaa, maji yanayochemka hayapiti hapo, yanageuka mvuke tu. Ndiyo maana sufuria ya presha inasaidia sana huko kwenu: inafungia mvuke, joto linapanda.

Mwalimu wa Kabale: Nimeelewa. Lakini kwa njia yako mwenyewe, nitajuaje ni mwinuko na si maji? Maji yetu hapa hayafanani na ya Kampala.

Mpishi wa Bombo: Hilo ndilo swali nililolingoja tangu asubuhi! Dada yako akija, abebe jerikani la maji ya kwake. Pika sufuria mbili hapohapo Kabale, moja kwa maji yake, moja kwa yako. Zikiiva pamoja, maji hayana kesi. Maji yake yakishinda, basi nayo yanachangia, kwa sababu yenye chokaa nyingi hukaza maharage. Na wewe ukienda kwake, beba ya kwako. Waite wanafunzi washike saa.

Dereva wa Masaka Road: Sayansi yenu nzuri, lakini mimi nimeona kwa macho yangu pale Kayabwe kwenye mstari wa ikweta. Beseni upande wa kaskazini maji yanazunguka hivi, kusini yanazunguka vile, katikati yanashuka moja kwa moja, na ua linaelea juu yake. Hilo nalo nipime?

Mpishi wa Bombo: Hilo hasa. Dunia inapozunguka inapindisha kweli upepo na mawingu makubwa, kaskazini kwa upande mmoja, kusini kwa upande mwingine. Lakini kwenye ikweta nguvu hiyo ni sifuri, na hatua chache kutoka mstarini ni ndogo mno kushinda msukumo wa maji yaliyomiminwa sasa hivi. Mwaka 1962 huko Marekani, karibu na Boston, mhandisi Ascher Shapiro alijaza maji kwenye tangi la upana wa karibu mita 2, akayaacha yatulie saa 24, ndipo akayatoa taratibu kwa tundu dogo. Hapo ndipo mzunguko wa dunia ulipoonekana, na Boston iko mbali sana na ikweta. Beseni la Kayabwe halitulii hata dakika tano.

Ukipita tena, omba kwa heshima umimine wewe. Mimina ukitokea kulia, kisha ukitokea kushoto, upande uleule wa mstari. Angalia ua.

Dereva wa Masaka Road: Sasa unataka kuwaharibia vijana riziki?

Mpishi wa Bombo: Hapana, na sitaki neno hilo liwekwe mdomoni mwangu. Mstari ni wa kweli na watu wana haki ya kupiga picha pale. Nimejibu kuhusu maji. Uliuliza mwenyewe kama upime.

Dereva wa Masaka Road: Sawa mama, usikasirike. Napita Alhamisi.

Muuguzi Arua: Mimi swali langu ni zito kidogo. Kuna mambo huwezi kutenga makundi mawili. Siwezi kumpa mtoto mmoja ugonjwa na kumwacha mwingine. Hapo tunafikirije?

Mpishi wa Bombo: Asante kwa swali hili dada. Hapo unatafuta mahali ambapo jambo HALITOKEI. Mfano uko hapahapa kwetu. Mwaka 1957 Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, alionyeshwa mtoto mwenye uvimbe wa saratani kila upande wa taya, juu na chini. Baadaye akaona mwingine. Hakubaki kuwahesabu wagonjwa wa Kampala tu. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili waliendesha gari kuukuu karibu kilomita 16,000, hospitali hadi hospitali, wakiuliza: mnao hawa, au hamna? Majibu ya "hatuna" yalikuwa na thamani sawa na ya "tunao". Ramani ikaonyesha kwamba uvimbe ule haupatikani nyanda za juu zenye baridi wala kwenye ukame.

Yeye alidhani ni virusi vinavyoenezwa na mbu. Mwaka 1964 mtafiti Epstein na wenzake London walipata kweli virusi kwenye seli za uvimbe uliotumwa kutoka Uganda, ila vile haviletwi na mbu. Linaloifuata ile ramani ni malaria, inayodhoofisha kinga ya mtoto. Dhana yake ilihitaji kurekebishwa, lakini ramani ilisimama, kwa sababu aliandika alichokikuta.

Muuguzi Arua: Nitaanza kuandika na vijiji visivyoleta wagonjwa. Sikuwahi kufikiri kuviandika.

Mkulima Masindi: Nje ya mada kidogo. Maharage ya ghalani mnayoyalalamikia, kwangu fukusi ndio wanaonimaliza. Mzee mmoja aliniambia nisitie dawa, nijaze jerikani nusu tu na kuligeuzageuza asubuhi na jioni. Ni kweli au hadithi?

Mpishi wa Bombo: Ina msingi. Funza mchanga wa fukusi huchukua muda mrefu kutoboa punje, na hushikilia punje ya jirani ili apate nguvu ya kusukuma. Ukiligeuza jerikani anabanduka, anaanza upya, anakufa kwa uchovu. Lakini unajua nitakachosema.

Mkulima Masindi: Majerikani mawili, gunia moja, moja naligeuza, moja naliacha.

Mpishi wa Bombo: Yote nusu, vizibo sawa, chumba kimoja. Usifungue kabla ya miezi miwili. Ukifungua, hesabu punje mia kutoka kila moja, zenye tundu na zisizo na tundu, na anayehesabu asijue lipi ni lipi.

Mkulima Masindi: Mke wangu atahesabu. Nimeyajaza leo jioni, tarehe nimeiandika ukutani kwa mkaa.